Mgongo wa darasa la kwanza, dawati la darasa la saba

Nilipanda hadi shule moja ya msingi huko Uru, juu ya mji wa Moshi, asubuhi moja mwishoni mwa Julai nikiwa na futi kamba mfukoni. Ukungu ulikuwa haujainuka, na darasani kulikuwa na giza la kumfanya mtu apapase ukuta kutafuta swichi, ila swichi yenyewe hakuna. Watoto wa darasa la kwanza wakasimama, wakatoa shikamoo yao ile ndefu ya kuvuta, wakaambiwa wakae. Walipokaa ndipo nikaona nilichokifuata: safu nzima ya mbele miguu iko hewani, soksi zinapiga bembea.

Nikapima. Kutoka sakafuni hadi ubao wa kukalia, sentimita 44. Kutoka kisigino hadi nyuma ya goti la msichana aliyekuwa pembeni, sentimita 29. Ukitaka kujua anavyojisikia, tafuta stuli ndefu ya kaunta ya baa, ile ya sentimita 66 hivi, ukae miguu isiguse popote, halafu mtu akuambie uandike imla.

Akiegemea nyuma, ukingo wa ubao unambana chini ya mapaja na miguu inaingia ganzi. Kwa hiyo anasogea mbele hadi ncha za viatu ziguse sakafu. Akishasogea, egemeo limebaki nyuma huko, halimhusu tena. Meza nayo inamfikia karibu na kwapa, hivyo anapandisha bega la mkono anaoandikia, kifua anakilaza mezani, na kichwa kinapata mto juu ya mkono wa kushoto. Dawati ni la watu wawili lakini wamekaa watatu, na yule wa pembeni amekalia tako moja huku kiuno kimegeukia ukutani. Mwalimu akageuka kutoka ubaoni: "Wewe! Kaa wima!" Mtoto akakaa wima. Niliangalia saa ya simu. Haikupita dakika moja, akarudi alikokuwa.

Simlaumu mwalimu. Mimi mwenyewe niliambiwa hivyo nikiwa mdogo, tena kwa ncha ya fimbo katikati ya mabega, na nyumbani nimeshawaambia wanangu hivyo hivyo. Shida ni kwamba amri hiyo inachukulia mgongo uliopinda kuwa tabia mbaya ya mtoto. Mara nyingi si tabia yake. Na mara chache, zile za kuogopesha, kukaa hakuhusiki kabisa.

Kibiongo ni jina moja la mambo matatu

Mtaani mgongo wowote usiopendeza huitwa kibiongo, na hapo ndipo mambo huanza kuchanganyika. Kuna mgongo uliokunjwa na mkao: misuli imechoka, dawati ni kubwa, mtoto kajikunyata. Kuna mgongo ambao mifupa yake yenyewe imekua upande. Halafu kuna mgongo unaoliwa na ugonjwa. Kwa macho, juu ya sweta ya shule, yote matatu yanaweza kufanana. Tiba zake hazifanani hata kidogo: wa kwanza unahitaji fundi seremala, wa pili daktari wa mifupa, wa tatu dawa, tena haraka.

Kwanza tuelewane kuhusu huo unyoofu. Uti wa mgongo wenye afya haujanyooka kama fito. Mtoto huzaliwa na pingili 33 zilizopangwa kwa umbo la upinde mmoja, kama ndizi. Akianza kuinua shingo, kwenye mwezi wa tatu au wa nne, shingo hupata bonde lake. Akisimama na kutembea, kiuno nacho hupata bonde. Ukimtazama kwa ubavu mtoto wa miaka saba utaona mawimbi: shingo imeingia, mgongo wa juu umetoka, kiuno kimeingia. Hivyo ndivyo unavyotakiwa kuwa. Ukimtazama kwa nyuma, ndipo mstari unapaswa kushuka moja kwa moja kutoka kisogoni hadi kwenye makalio.

Hapa bibi zetu huulizwa swali la mbeleko: je, kumbeba mtoto mgongoni kunampinda? La. Upinde wa mtoto mchanga kwenye mbeleko ndio umbo lake la wakati huo, na magoti yaliyopanuka na kukunjwa kiunoni mwa mama hukisaidia kiungo cha nyonga kukaa vizuri kwenye kikombe chake. Mbeleko haina kesi ya kujibu.

Namna ya kutofautisha mkao na mfupa ni rahisi, haihitaji hata umeme. Mlaze mtoto kifudifudi kwenye mkeka. Mgongo uliokuwa wa mviringo ukilainika na kulala, na akiambiwa ainue kifua ukaweza kujipinda kwenda nyuma, huo ni mkao. Ukibaki na nundu ileile hata akiwa amelala, mfupa una habari. Kuna vijana wa miaka 12 hadi 15 ambao pingili kadhaa za mgongo wa juu hukua kwa umbo la kabari, mbele nyembamba nyuma nene, na hao hata ukiwapigia kelele mwaka mzima hawawezi kunyooka. Tatizo hilo lina jina la daktari wa Denmark, Holger Scheuermann, aliyelieleza takriban miaka 100 iliyopita. Wanaambiwa wavivu, kumbe wanaombwa wafanye kitu ambacho mifupa yao haiwezi.

Jaribio la pili ni la kupinda kwenda kando, yaani skoliosisi. Mvue mtoto shati, asimame miguu pamoja, ainame mbele kama anayeokota kitu, mikono ikining'inia, viganja vimekutana. Wewe kaa nyuma yake macho yawe usawa wa mgongo. Upande mmoja wa mbavu ukiwa juu kuliko mwingine, kama sahani iliyowekwa juu ya kijiko, hiyo ni alama. Daktari wa Uingereza, William Adams, ndiye aliyeueleza mtihani huu katika karne ya 19, na mpaka leo, pamoja na mashine zote, ndio wa kwanza kufanywa. Mama mwenye macho anaweza hata asiusubiri: sketi inaning'inia upande mmoja, bega moja la sweta linateleza kila siku, nafasi kati ya mkono na kiuno ni pana kulia na nyembamba kushoto. Kabla ya kuogopa, angalia miguu. Mguu mmoja ukiwa mfupi, nyonga huinama na mgongo huifuata. Weka daftari moja au mawili chini ya mguu mfupi. Mgongo ukinyooka, umeshajua tatizo linatokea wapi.

Skoliosisi ndiyo inayosingiziwa begi na dawati kuliko kitu chochote. Ukweli ni kwamba katika visa karibu 8 kati ya 10 chanzo hakijulikani, na begi si mojawapo ya vilivyothibitishwa. Huonekana kwa vijana wapatao 2 au 3 katika kila 100, na kwa wasichana ndiko huelekea zaidi kuongezeka. Sababu ya kuwahi ni ya kimakanika. Kati ya miaka 5 na 10 uti wa mgongo hurefuka taratibu. Ukifika wakati wa kubalehe unakimbia. Upande wa pingili uliobanwa hukua polepole kuliko ule ulioachiwa, basi kipindi hicho cha kukimbia kinaweza kugeuza pindo dogo kuwa kubwa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Pindo hupimwa kwa digrii kwenye picha ya eksirei. Chini ya 10 haliitwi skoliosisi. Likiwa kati ya 25 na 40 na mtoto bado anakua, madaktari hufikiria koti gumu la plastiki linalovaliwa chini ya nguo. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada na kutangazwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba koti lilizuia pindo lisifike kiwango cha upasuaji kwa asilimia 72 ya waliolivaa, dhidi ya asilimia 48 ya walioangaliwa tu. Kwa hiyo koti linasaidia, ila ni la kuvaliwa saa nyingi kila siku, kwenye joto, mbele ya wenzako.

Watu wa Moshi wana bahati ambayo wengi wao hawaijui. Ndani ya eneo la Hospitali ya KCMC kuna chuo cha TATCOT, kilichoanza mwaka 1981, kinachofundisha wataalamu wa kutengeneza miguu bandia na vifaa vya kushikilia viungo, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Makoti ya aina hiyo ni kazi ya watu kama hao. Mtoto wa Kibosho, jirani na Uru, yuko safari ya daladala moja au mbili tu kutoka hapo.

Ule wa kukimbilia

Kuna mgongo mmoja ambao sitaki mtu auchanganye na uvivu. Mtoto alikuwa anacheza, sasa hachezi. Analalamika mgongo usiku, si mchana wakati wa kazi. Amepungua, jioni ana joto, anaamka na shuka limelowa jasho. Akitaka kuokota kitu hainami. Anachuchumaa mgongo ukiwa mgumu kama ubao, kisha anajiinua kwa kushika magoti. Na katikati ya mgongo kuna kona. Mkao mbaya hutengeneza mviringo laini, kama mgongo wa paka. Kona kali inayoonekana kwenye pingili moja au mbili ni jambo jingine.

Hiyo inaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Watu hudhani kifua kikuu ni kikohozi tu, kwa sababu jina lenyewe linasema kifua. Kumbe bakteria husafiri kwa damu kutoka kwenye mapafu, wakakaa kwenye sehemu ya mbele ya pingili, mara nyingi za chini ya mgongo au mwanzo wa kiuno. Mfupa unaliwa kwa mbele, unaporomoka, na mgongo unainamia upande ule. Daktari wa London, Percivall Pott, aliuandika ugonjwa huu mwaka 1779 akieleza pia namna miguu inavyopooza, maana usaha na mfupa uliovunjika hubana neva zinazopita ndani ya uti. Mtoto anaweza asikohoe hata kidogo. Akianza kujikwaa ovyo, au kushindwa kubana mkojo, hapo si suala la kusubiri siku ya kliniki.

Dawa za kifua kikuu katika vituo vya serikali hutolewa bure, na ugonjwa huu unapona. Kinachobaki ni ile kona, ambayo hutegemea ulichelewa kiasi gani. Kilimanjaro ina Kibong'oto, kule Siha, hospitali ambayo jina lake na kifua kikuu vimekwenda pamoja tangu enzi za ukoloni. Anza na zahanati ya kijiji, omba barua ya rufaa. Mchua misuli wa mtaani mwache kwanza. Mfupa ulioliwa haukandwi.

Nikivuka kwenda upande wa Arusha, habari inapata tawi jingine. Vijiji vingi vinavyouzunguka Mlima Meru vinakunywa maji yenye madini mengi ya floraidi, na magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande yanaongezea. Kila mtu huko anajua meno ya kahawia. Wanachosahau ni kwamba floraidi ile ile hukaa pia kwenye mifupa: mtoto hupata matege au magoti yanayogongana, na mtu mzima aliyekunywa maji hayo miaka mingi mgongo wake unaweza kukakamaa hadi ageuke mwili mzima kama mlango. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi Tanzania kwa miaka mingi kiwango chetu kiliruhusu hadi 4. Kuchemsha hakusaidii. Maji yakipungua sufuriani, floraidi iliyobaki inakuwa kali zaidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia inayofanya kazi ingawa mkaa huchoka na kuhitaji kubadilishwa. Mtoto mwenye matege hutembea akiyumba, na mgongo wake hubeba gharama ya hatua hizo. Ukimrekebisha mkao bila kuuliza anakunywa maji gani, umeanzia mwisho.

Ndoo, majani na begi

Mizigo sasa. Hapa watu wa mjini hupenda kuzungumzia begi, kwa sababu begi ndilo wanaloliona. Ushauri unaozunguka duniani ni kwamba lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Si ushauri mbaya. Lakini watafiti waliokusanya tafiti kadhaa kuhusu suala hili, wakachapisha mwaka 2018, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba begi ndilo linaloleta maumivu ya mgongo kwa watoto. Na hata hivyo mtoto wa kijijini hapa anabeba nini? Madaftari manne kwenye mfuko wa rambo, fagio, na kidumu cha lita 5.

Mzigo wake halisi uko nje ya saa za shule. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mtoto wa miaka minane ana kilo 25 hivi, pengine 22. Ndoo ya lita 10 kichwani ni karibu nusu yake. Fanya hesabu hiyo kwako: una kilo 70, beba kilo 30 za saruji kichwani, panda mteremko wa Kibosho wenye matope, mara mbili kabla ya kengele. Halafu jioni kuna majani ya ng'ombe. Huku juu tunafuga ndani, ng'ombe hatoki, kwa hiyo majani na migomba ndiyo inayomfuata, na anayeifuata ni mama na watoto.

Kubeba kichwani hakumpindi mtoto. Ukimtazama akiwa na ndoo na ngata yake, amenyooka kuliko mwanajeshi. Ndiyo maana tunadanganyika. Uzito ule hushuka wima kupitia shingo, pingili kwa pingili, na maumivu ya shingo ndiyo malalamiko ya kawaida ya wabeba maji wa kichwani. Hatari kubwa zaidi ni kuteleza. Mimi sisemi watoto wasichote maji, kwani najua nyumba ambayo bila mikono yao hakupikwi. Nasema ndoo ya lita 10 igawanywe: vidumu viwili vya lita 3, kimoja kila mkono, safari iongezeke moja. Bibi mmoja niliyemweleza hivyo alicheka. "Mjukuu wangu, hiyo safari ya ziada utakwenda wewe?" Ana haki ya kucheka. Bomba likiwa karibu, mazungumzo haya yote yasingekuwepo.

Narudi darasani, maana huko ndiko penye kitu cha kubadilisha bila kusubiri bajeti ya maji. Mwaka 2016, ada na michango ya shule ilipofutwa na watoto wakafurika, Rais Magufuli aliwapa wakuu wa mikoa hadi mwisho wa Juni kumaliza uhaba wa madawati. Mafundi walichomelea usiku na mchana. Watoto wengi walitoka sakafuni, na kukaa sakafuni siku nzima ukiandikia mapajani ni kubaya kuliko dawati lolote. Lakini kampeni ilihesabu idadi. Kipimo hakikuwa gumzo. Viwango vya samani za shule vya Ulaya vina saizi kadhaa: mtoto mwenye urefu wa sentimita 108 hadi 121 anapewa kiti cha sentimita 31, na anayekaribia urefu wa mtu mzima anapata cha 43 au 46. Tulichonacho shule nyingi ni saizi moja, na saizi hiyo ni ya darasa la saba.

Kuna mambo mengine ambayo dawati hubebeshwa bure. Mtoto anayelalia daftari hata kwenye dawati linalomtosha, mpime macho. Anayeinama upande wa dirisha anafuata mwanga. Na hata mkao mzuri ukizidi dakika 20 hugeuka mbaya; mwili wa miaka saba haukuumbwa kutulia. Wimbo wa kusimama na kupiga makofi katikati ya kipindi, ambao walimu wa zamani waliujua vizuri, hufanya kazi kuliko "kaa wima" mia.

Pale Uru tuliamua kujaribu. Mwalimu mkuu aliruhusu madawati sita yaliyokuwa na miguu iliyoliwa na kutu. Fundi akakata sentimita 12 kila mguu, za meza na za kiti pamoja, akapiga msasa, akaweka raba za tairi kuukuu chini. Madawati mengine hatukuyagusa. Yalipata ubao wa kukanyagia uliopigiliwa kwa chini, mabaki ya mbao za paa. Msichana wa sentimita 29 alikaa, akatazama miguu yake imefika chini, akakanyaga mara mbili tatu kama anayejaribu viatu dukani.

Mwalimu wa taaluma hakufurahi. Mtihani wa taifa wa darasa la saba ukifika, kila mtahiniwa anahitaji dawati lake, na madawati ya madarasa ya chini hubebwa kwenda kule. Nani atampa mtahiniwa mwenye miaka 13 dawati la magotini? Walibishana robo saa. Mwishowe mwalimu wa darasa la kwanza akaleta rangi ya bluu iliyobaki kwenye milango ya choo, akapiga mstari mnene ubavuni mwa kila dawati fupi, akasema lenye mstari halitoki humu.